Upande wa Jiko, Upande wa Ukuta

Dada yangu hajui kunong'ona. Akikuambia siri jikoni kwake, jirani wa nyumba ya tatu anaitikia. Mimi sauti yangu ni ndogo, hata dukani huwa narudia mara mbili kabla muuzaji hajaniona. Watu wa kwetu husema yeye alichukua sauti ya wote wawili, mimi nikaachiwa masikio. Alinilea baada ya mama yetu kufariki, na mpaka leo, mimi mwenye mvi kidevuni, ananiita "mtoto" mbele za wateja wake.

Mumewe ni fundi wa kuchomelea vyuma. Sote tunamwita Fundi, hata dada anamwita hivyo. Karakana yao ni uani nyumbani kwao. Ukiingia getini unakuta njia nyembamba inayotosha gari moja tu. Upande mmoja ni jiko, na mlango wake unafunguka hapo hapo penye kazi. Upande wa pili ni ukuta mrefu wa jirani. Mwisho wa njia kuna banda la mabati lenye meza ya vyuma, drili na mashine ya kuchomelea.

Dada hakuolewa ili awe fundi. Mwaka wa kwanza wa ndoa yao, msaidizi wa Fundi aliacha kazi ghafla, na dada akatoka jikoni mara moja tu kumshikia taa mumewe. Hakurudi. Ugali uliungua siku hiyo, na tangu hapo sufuria zake na boliti zake vinaoshwa kwenye karai moja. Alijifunza kukata, kutoboa, kupiga tupa. Kuchomelea alikataa. Alisema macho yake anayahitaji kwa ajili ya kumwangalia Fundi asije akaongopa.

Mwanzoni waligombana kila siku kuhusu kushoto na kulia. Fundi akilala chali chini ya gari, kichwa ndani na miguu nje, kushoto kwake ni kulia kwa mtu aliyesimama nyuma ya gari. Anaomba kitu cha kushoto, dada anampa cha kushoto kwake yeye, Fundi anakirusha nje, dada anakirudisha kwa kukirusha vile vile. Mwisho dada akasema, "Sikiliza, bwana. Mimi na wewe tunakaa nyumba moja. Tutumie nyumba." Tangu siku hiyo uani kwao hakuna kushoto wala kulia. Kuna upande wa jiko na upande wa ukuta. Kila chuma kinachotoka chini ya gari dada anakiandika kwa chaki, JIKO au UKUTA, kwa herufi kubwa kama sauti yake. Wateja wamewacheka kwa miaka mingi, na magari yao yametoka salama.

Kisha Fundi akapata kiharusi. Hakikuwa kikubwa, madaktari walisema hivyo, lakini mkono wake wa kulia ulilegea na mguu ukawa unaburura. Maneno yalirudi yote. Kilichopungua ni imani. Alikuwa akishika spana, inamponyoka, anaiangalia pale chini kama mtu aliyesalimia asiitikiwe. Akaanza kukaa kwenye kiti nje ya banda, akiwaambia wateja waende kwa mafundi wengine.

Binti yao, mpwa wangu, ameolewa mji mwingine na ana nyumba nzuri. Alisema kwa nia njema kabisa kwamba atakuja Jumamosi na gari awachukue wote wawili wakakae kwake. Baba apumzike, mama apumzike, karakana ifungwe. Fundi hakukubali wala hakukataa. Na dada, mtu anayesema hata ndoto zake kwa sauti, kwa jambo hilo alinyamaza. Nilimkuta akifuta vumbi kwenye drili ambayo haijatumika. Anafuta, anazunguka, anarudi kufuta tena. Hapo nilijua anataka nini.

Mimi kazi yangu ni miche. Ninaotesha miche ya miti na matunda, ninaipakia kwenye tela langu dogo na kuipeleka kwa wakulima. Pikapu yangu ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu mpaka ukikanyaga sakafu unaona barabara, nikapata nyingine ya aina ile ile ila ya miaka ya karibuni. Tatizo lilikuwa kile chuma cha nyuma chenye kichwa cha mviringo ambacho tela hukamatia. Sisi tunakiita ndoano ingawa hakina umbo la ndoano. Ile ya pikapu ya zamani ilikuwa nzima, imara, na Fundi mwenyewe ndiye aliyeifunga zamani. Mafundi wenye nguvu wako wengi mjini. Nilimpelekea yeye.

Nilibisha hodi nikiwa nimebeba ndoano begani.

"Huyo ni nani anabisha hodi kama anaomba radhi?" Fundi akauliza kutoka kitini. "Lazima ni shemeji yangu."

"Ni mimi, shemeji."

"Mbona umebeba chuma? Umekuja kunipiga?"

Nilimweleza. Nilipanga maneno mengi njiani, lakini yaliyotoka yalikuwa machache: pikapu mpya, ndoano ya zamani, miche inangoja. Aliitazama ndoano muda mrefu. Akaugusa mshono wa moto aliouchoma mwenyewe zamani.

"Peleka kwa wengine," akasema.

Dada akatokea mlangoni mwa jiko na mwiko mkononi. "Apeleke kwa wengine wakamchomee kwenye chesisi, mgongo wenyewe wa gari? Haya, mtoto, peleka. Siku tela likichomoka likapita mbele yako barabarani, ulipungie mkono."

Fundi akamwangalia mkewe. Alijua anachokozwa. "Wewe mwanamke," akasema taratibu. Kisha akanigeukia mimi. "Shemeji, nitakwambia ukweli, na dada yako asikie. Nikiifunga hii ikakaa sawa, ninabaki kwangu. Ikinishinda, Jumamosi napanda gari la mwanangu, na hakuna atakayeniuliza tena. Ingiza gari."

Dada akarudi jikoni. Nilisikia kifuniko cha sufuria kikianguka.

Niliingiza pikapu kichwa kwanza, mkia ukabaki upande wa geti. Pikapu hizi mbili ukizitazama usoni ni ndugu wa tumbo moja, lakini ukilala chini unakuta mifupa tofauti. Tulipoinua ndoano, mikono yake miwili ilipita nje ya chesisi ikaacha nafasi ya upana wa kidole kila upande. Matundu ya ndoano hayakukutana na matundu ya gari hata moja. Isitoshe gari jipya limesimama juu zaidi, kwa hiyo ndoano ilitakiwa ishuke, la sivyo tela lingeinua pua.

"Chomelea tu, Fundi," nilisema, kwa kuwa sikujua.

"Chesisi haichomwi, shemeji. Ukiipitisha moto, chuma pembeni mwa mshono kinakuwa kikavu kama biskuti. Kinakaa, kinakaa, siku umebeba mzigo mlimani kinakatika. Tutatengeneza mabamba mawili. Yashike matundu ya gari kwa juu, yashike ndoano kwa chini."

Akashuka chini. Ilichukua muda. Alikaa kwanza, akalala, akajisukuma kwa mguu mzima, na dada akamwekea gunia chini ya mgongo. Jua lilikuwa linampiga miguuni na tumboni, maana mkia wa gari ulikuwa nje ya kivuli cha banda. Akaomba kipande cha boksi. Alikibana kwenye chesisi kwa mkono wa kushoto, akapitisha dole gumba juu yake mpaka tundu likajichora kwa grisi, duara kamili. Moja, likafuata la pili.

"Upande wa jiko huu."

"Jiko," dada akaitikia, akaandika.

"Sasa wa ukuta. Angalia, matundu hayalingani. La huku limesogea mbele kidogo, kuna kishikio cha gurudumu la akiba."

"Ukuta. Nimeandika. Toka sasa, unaungua kama samaki."

Alitoka ametota jasho. Mkono wa kulia ulikuwa unatetemeka, akauficha chini ya paja. Nilijifanya nafunga kamba ya kiatu.

Mchana ule walikata mabamba kutoka chuma kinene. Dada ndiye aliyeshika mashine ya kukatia, Fundi akimwelekeza kwa kidevu. Kwenye drili walisimama wawili: yeye akishusha mpini kwa mkono wa kushoto, dada akiweka mkono wake juu ya wa mumewe na kuongeza uzito. Sijui kama kazi ilihitaji mkono wa pili kila mara. Mabamba mawili yalitoka yakifanana kama pacha, ila tundu moja limesogea kidogo. Dada akayaandika chaki.

Mimi nilikuwa nimeahidi kupeleka miche michache sehemu ya karibu, nikaondoka na gari. Njiani nilikuwa nawaza miguu ya Fundi juani. Kwa hiyo kesho yake asubuhi nilipofika, sikuingiza kichwa kwanza. Nilirudi nyuma taratibu kutoka getini hadi mkia wa gari ukafika chini ya banda, kivulini, karibu na meza. Dada alikuwa sokoni. Fundi alikuwa anakunywa chai ndani. Hakuna aliyeniona nikiingia, na mimi kama kawaida sikusema kitu. Nilifurahi tu kimoyomoyo kwamba leo atalala pazuri.

Dada alirudi, akaweka kikapu, akavaa ovaroli juu ya gauni. Fundi akalala juu ya gunia.

"Bamba la jiko."

Akapewa. Boliti ya kwanza iliingia. Ya pili ikakataa. Alilisogeza, akaligonga kidogo kwa nyundo, akalitoa, akalirudisha.

"Nipe la ukuta."

La ukuta vile vile. Moja inaingia, nyingine inaona chuma kitupu. Nilisikia pumzi zake tu kutoka chini, na mara boliti ikimponyoka na kuviringika. Alijaribu tena upande wa kwanza. Niliona mguu wake mzima ukisukuma sakafu kama mtu anayetaka kuinua gari zima.

Kisha akatulia. Akajivuta nje polepole, akakaa, akaegemea gurudumu. Uso ulikuwa umepakaa kutu.

"Nilipima mwenyewe," akasema. "Nilipima kwa kidole changu hiki."

"Turudie kupima," dada akasema.

"Nirudie mara ngapi? Jana niliona matundu kwa macho yangu, leo hayapo pale nilipoyaona. Mkono ningevumilia. Hiki," akajigusa kichwani, "hiki kikienda, mimi si fundi tena. Nitakuja kumuua mtu." Akanitazama. "Nisamehe, shemeji. Peleka kwa wengine."

Nilitaka kusema kitu. Mimi ni mtu wa kukumbuka la kusema nikiwa nimeshafika nyumbani.

"Mpigie binti yetu," Fundi akamwambia mkewe. "Mwambie Jumamosi ni sawa."

Dada alisimama pale na bamba mkononi. Nilimwona akifungua mdomo, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu nikaona haukutoa sauti. Akaweka bamba mezani na kuingia jikoni kuchukua simu.

Hakutoka mara moja. Nikafikiri analia, nikainuka nimfuate. Nilimkuta amesimama mlangoni, simu mkononi, hajabonyeza chochote. Anaitazama pikapu kwa jicho la mtu anayemkagua mgeni.

"Mtoto," akasema. "Jana nilisimama hapa hapa nikimenya viazi. Tundu la kujazia mafuta lilikuwa linanitazama. Nilijiambia lina kifuniko cheupe, limefanana na jino. Leo jino liko wapi?"

Nilitazama. Ubavu wa gari ulioelekea jikoni ulikuwa mtupu.

"Liko ule upande wa ukuta," nikasema.

"Limehama lenyewe?"

"Nimeingia kinyumenyume, dada. Nilitaka alale kivulini."

Aliniangalia. Halafu akatazama yale maandishi ya chaki kwenye bamba mezani, JIKO, herufi kubwa, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani ni kilio, lakini ilikuwa kicheko, kikaanza chini kabisa tumboni na kupanda mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta.

"Kuna msiba?" jirani akauliza.

"Hakuna msiba! Gari limegeuka!" dada akapaza sauti. "Fundi! Gari limegeuka, baba! Kichwa chako kiko pale pale kilipokuwa, gari ndilo limegeuka!"

Fundi hakuelewa. Dada akapiga magoti mbele yake, akamshika mashavu kwa mikono miwili yenye grisi. "Jana mkia ulikuwa getini. Leo mkia uko bandani. Jiko limekuwa ukuta na ukuta umekuwa jiko. Huyu mtoto amelirudisha kinyumenyume, hakusema, kwa sababu yeye kusema ni mpaka apewe dawa. Alikuonea huruma kwa lile jua."

Fundi alinigeukia polepole. Nilitazama viatu vyangu.

"Ulitaka nilale kivulini?"

"Ndiyo, shemeji."

Alijifuta kutu usoni. Akasema, "Miaka yote hii, mimi na mke wangu hatujawahi kufikiri kwamba gari linaweza kuingia kwa upande wa pili." Na yeye akacheka, kicheko chenye mkwaruzo, nusu kikohozi. Kisha hakucheka tena. Aliinamisha uso kwenye bega la dada na akakaa hivyo, na dada, kwa sauti niliyokuwa sijawahi kuisikia kwake, sauti ndogo kama yangu, akamwambia, "Uko sawa. Uko sawa kabisa." Mimi nikaenda kuangalia geti kama limefungwa. Lilikuwa limefungwa. Nikaliangalia kwa muda.

Niliporudi, Fundi alikuwa chini ya gari.

"Bamba la jiko lije ukutani!"

"La jiko ukutani, linakuja!"

Boliti ziliingia zote kwa vidole, bila nyundo. Nilizisikia zikipita kwenye chuma, laini. Ya mwisho alizungusha nati kwa mkono wa kulia. Alichelewa. Iliponyoka mara mbili. Dada aliona, mimi niliona, na hakuna aliyenyoosha mkono. Mara ya tatu ikashika uzi.

Kukaza ilikuwa kazi ya watu watatu. Fundi aliweka spana, dada akachomeka bomba kwenye mpini ili upate urefu, mimi nikavuta.

"Vuta kama mwanamume, shemeji!"

"Anavuta kama anaomba radhi," dada akasema, akaja kuvuta na mimi.

Nilitoa gari hadi getini, tukaliunganisha tela, ambalo vijana wa jirani walikuwa wamelisukuma kutoka kwangu likiwa na miche. Tela lilikaa sawa, halikuinua pua wala kuinamisha. Niliendesha taratibu hadi barabarani, nikazunguka, nikapita juu ya tuta lililo mbele ya duka la mtaani na kurudi. Kwenye kioo niliwaona wote wawili wanafuata nyuma, Fundi mguu unaburura, mkono mmoja ameuweka juu ya tela, akisikiliza. Kila chuma kinacholegea kina mlio wake. Hakusikia kitu.

Tulipofika uani akashuka tena kwenye gunia kukagua nati zake. Hazikuhitaji kukaguliwa. Alikuwa anaipitishia kila moja kidole, na nilimsikia akiziongelesha chini kwa chini.

Simu ya dada ikaita. Aliiweka sikioni, ingawa kwa sauti yake hata angeiacha mezani angesikika.

"Ndiyo, mwanangu. Mzima. Baba yako? Baba yako hawezi kuongea sasa hivi, yuko chini ya gari." Akasikiliza. "Hapana, hajaanguka! Amelala mwenyewe. Anafanya kazi."

Kutoka chini Fundi akasema, "Muulize Jumamosi anakuja saa ngapi."

"Anauliza Jumamosi unakuja saa ngapi."

Sikusikia alichojibu mpwa wangu, ila dada alisikiliza muda mrefu, akijifuta jicho kwa kiwiko kwa kuwa vidole vilikuwa na grisi.

"Mwambie asikodi gari kubwa," Fundi akasema. "Hakuna mzigo wa kubeba. Aje na wajukuu tu. Na huko kwake kama kuna mtu ana spana namba ishirini na mbili nzuri, alete, hii yangu imelegea mdomo."

Dada akarudia yote, neno kwa neno, na la spana alilirudia mara mbili. Kisha akasikiliza tena, akanitazama huku akitabasamu.

"Anauliza," akasema, "kama baba anaomba hiyo spana, au anaagiza."

Fundi alitoa mkono chini ya gari, ule wa kulia, ukiwa wazi, ukitetemeka kidogo.

"Anaagiza," akasema. "Nipe kitambaa."